Kona Aliyochora Fundi wa Sura

Wiki iliyopita baba mdogo alinipigia simu akaniambia nipande Kibugu mapema, maana anabomoa nyumba ya mbao ya cucu, yaani nyanya yangu, ajenge ya mawe, na kama kuna kitu changu mle ndani nikichukue kabla mafundi hawajaanza kung'oa mabati. Nilicheka pale pale saluni, na mteja niliyekuwa namsuka akaniuliza kupitia kioo nachekea nini na kichwa chake bado kiko nusu. Kitu changu. Sikuacha kitanda kule, wala sanduku, wala hata sufuria. Lakini nilijua ninachoenda kuchukua, nilijua kiko ukuta gani, na hata msumari niliujua.

Ni picha ya penseli. Karatasi yenyewe si kubwa, unaweza kuifunika na sinia la chai, na kioo chake kimeingia rangi ya moshi kwenye pembe. Miaka yote ilining'inia sebuleni kwa cucu, kati ya kalenda ya kiwanda cha chai na kile kioo chetu cha kujitazamia siku ya Jumapili. Ukiitazama kwa haraka utaona mteremko, mistari ya chai, mti mmoja mkubwa, na njia inayopanda halafu inakata kona nyuma ya migomba. Basi. Hakuna mtu. Na aliyeichora ni mtu ambaye Embu nzima ilimjua kwa kuchora watu.

Ngoja nikueleze polepole, maana hii habari nikiisimulia mbio huwa inaharibika.

Kibugu ya utoto wangu ilikuwa mahali pa baridi. Msitu wa mlima uko hapo juu tu, na alfajiri unasikia mbega wakikoroma kule mitini kama pikipiki inayokataa kuwaka. Chai ilifunika kila mteremko, imekatwa juu sawasawa kana kwamba kuna mtu alipita na kisu kama cha mkate. Ukifika mwezi wa Julai ukungu ulishuka ukaingia hata jikoni, na sisi tuliamka tukiwa na sweta zile zile tulizolala nazo. Kabla ya shule tulichuma chai, nailoni imefungwa kiunoni ili umande usitulowanishe, na mikono ikabaki na ile harufu ya majani mabichi ambayo sabuni ya kipande haikuiweza. Mwalimu alikuwa anajua nani amechuma na nani amelala kwa kunusa tu madaftari.

Jioni ilikuwa ya ng'ombe, maji na kuni. Cucu alichemsha nduma kwenye sufuria iliyofunikwa kwa jani la mgomba, na chai ya maziwa akaiacha motoni mpaka ikawa na rangi ya udongo wa kilima. Moshi jikoni kwake ulikuwa mwingi kiasi kwamba ukisimama unalia. Kwa hiyo kila mtu alikaa chini, kwenye vigoda, na maneno yote ya maana ya familia yetu yalisemewa huko chini ya moshi.

Mimi nimeitwa jina lake. Kwetu mtoto wa kwanza wa kike hupewa jina la mama yake baba, na ukishapewa unakuwa ndiye. Kwa hivyo baba mdogo, mwanamume mzima mwenye ndevu, aliniita "mama" tangu nikiwa na makamasi, na ananiita hivyo hadi leo. Guka, yaani babu yangu, aliniita "bibi yangu", na wageni wakija ananiuliza mbele yao kama leo nimempikia au anywe maji alale. Cucu naye hakuniita kwa jina, maana angejisikia kama anajiita mwenyewe. Alisema, "Hebu, mimi mdogo, niletee kuni."

Guka alikufa nikiwa bado madarasa ya chini. Ninachokumbuka ni koti lake zito lililonuka tumbako ya kunusa, na kikapu cha chai mgongoni. Alikuwa mtu mpole mwenye chuki moja tu, nayo ilikuwa kamera. Krismasi mpiga picha akipita na baiskeli, sisi tumejipanga na nguo mpya zinazowasha, guka alikumbuka ng'ombe. Kila mwaka ng'ombe yule alipata shida siku ya Krismasi. Katika picha ya harusi ya baba mdogo kila mtu yuko, na nyuma ya shemeji mmoja mrefu inaonekana kofia. Hiyo kofia ndiyo guka.

Uso wake ulikuwa umebaki mahali pamoja tu, kwenye kitambulisho. Na mtu akifa, kitambulisho kinarudishwa ofisini ndipo familia ipewe karatasi ya kuzika. Cucu alikifungua kwenye leso, akakipangusa, akampa baba mdogo akipeleke. Wakati huo uso ulikuwa umemjaa kichwani, hakuona kama anatoa kitu. Watu wengi kwetu walifanya hivyo, na ukiwauliza watakuambia. Unaitoa picha ya mwisho ya mtu wako kwa mkono wako mwenyewe, na unasema asante.

Miaka ikapita. Jioni moja tulikuwa tunapukuchua maharagwe, mimi na yeye, na kelele ilikuwa ile tu ya maganda kupasuka. Cucu akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia chumvi, "Mimi mdogo, sura ya guka wako inanitoroka."

Nikamwambia si anamkumbuka. Akasema anamkumbuka sana, anakumbuka kikohozi chake, anakumbuka alivyofunga kamba za viatu. "Najua alikuwa na macho. Najua alikuwa na pua. Lakini nikiviweka pamoja havikai." Halafu akaendelea na maharagwe, na mimi nikafikiri maneno yameisha. Hayakuwa yameisha.

"Siku nikifika kule mbinguni," akasema, "na wale watu wote waliokufa tangu mwanzo, nitamtafuta vipi? Na sijui kama huko wanavaa kofia."

Ungecheka, na mimi nilikaribia kucheka, mpaka nikaona mikono yake imesimama. Cucu alikuwa mtu wa kanisa wa siku zote. Kifo chenyewe hakikumsumbua. Alichoogopa ni kufika, apite karibu na mume wake, asimjue.

Sasa ndipo aingie Mchoraji. Alikuwa na chumba chake Embu mjini, kwenye uchochoro wa washonaji, na sifa zake zilifika mahali ambapo yeye mwenyewe hakuwa amefika. Wachungaji waliostaafu, wazee wa msikiti, akina mama wa vyama, wote waliketi mbele yake. Kuna duka la nyama kule Karurumo ambako alimchora mwenye duka akiwa na kisu mkononi, picha ikawekwa nyuma ya mizani, na wateja wakawa wanasema hawawezi tena kuomba nyongeza wakitazamwa na watu wawili. Watu walisimulia kwamba mfanyabiashara mmoja wa miraa alitoka Maua akiwa na koti jipya kabisa, akasahau kutoa ile karatasi ya dukani kwenye mkono, na Mchoraji akalichora koti pamoja na karatasi yake. Picha iko ukutani, koti liliisha zamani, lakini karatasi bado inaning'inia.

Nyuma ya watu wake hakuna kitu. Rangi moja tu, ile bluu ya sare za shule. Hakuchora nyumba, hakuchora ng'ombe, hakuchora miti. Hoteli moja ilimwomba awachoree mlima kwenye ukuta wa kulia chakula, na yeye akawauliza mlima utamtazama na nini, kwani una macho? Hilo neno lilizunguka. Hata sisi watoto tukikataa kufanya kitu tulisema hakina macho.

Alikuja Kibugu kwa sababu ya mwalimu mkuu wetu, ambaye alikuwa anastaafu na wazazi wakataka abaki shuleni kwa njia ya picha. Mwalimu mkuu alikaa hapo juu yetu, na Jumamosi ile tulilala kifudifudi nje ya ua wake kuchungulia. Mchoraji alikuwa mwembamba, na sweta ndefu iliyomfika karibu na magoti, na penseli nyuma ya sikio. Alimtazama mwalimu kwa muda mrefu bila kufanya lolote, mpaka mwalimu, ambaye sisi wote tulimwogopa, akaanza kujikuna shingo.

Cucu alinituma na kiondo cha nduma moto. Nimwambie Mchoraji akimaliza huko juu apitie kwa mama yake hapa chini. Nilisema hayo maneno mbele ya mwalimu mkuu nikiwa nimekazia macho viatu vyangu. Mchoraji akafungua kiondo, akala nduma moja, akasema amesikia.

Akaja. Akapewa kigoda na kikombe. Akasema, "Haya mama, nipe picha ya mzee niende nayo mjini."

"Mwanangu," cucu akamjibu, "kama ningekuwa na picha yake ningekuita wewe wa kazi gani?"

Mchoraji akaweka kikombe chini. Alieleza kwa heshima kwamba yeye huchora anachokiona, hajawahi kuchora asichokiona, na hata Mungu akimwomba atamwambia asimame karibu na dirisha. Cucu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia hilo si tatizo, wao watamwonyesha. Arudi Jumamosi.

Jumamosi hiyo, rafiki yangu, ilikuwa kama harusi. Cucu alikuwa ameita ukoo. Hesabu yake ilikuwa rahisi: guka hayupo, lakini vipande vyake vimetawanyika kwa watu, basi walete vipande. Baba mdogo alikuwa na pua yake. Ndugu mdogo wa guka alipanda kutoka Karurumo kuleta paji la uso. Mimi niliambiwa nina masikio yake, jambo ambalo sikulipenda, maana masikio ya guka yalikuwa yanafika kabla yake. Na ingawa Mchoraji alitaka pua tu kwa huyu na paji tu kwa yule, kila mtu alikuja na nguo za kanisa kuanzia juu mpaka chini. Baba mdogo alikuwa hata na tai.

Tulikaa kwenye benchi uani. Alianza na penseli, kama alivyoanza kila kazi, rangi zingekuja baadaye. Nyuma yake walisimama wengine wote wakimsahihisha. Mmoja anasema pua ishuke kidogo. Mwingine anasema pua iko sawa, ni midomo inayoivuta. Ndugu wa guka akasema kaka yake hakuwa na mashavu hayo, hayo ni mashavu ya mtu anayekula mayai. Jirani yetu, mama mmoja mcheshi aliyeuza mboga, ambaye hakuwa na undugu wowote na sisi, alikuja kutazama tu, lakini alipoulizwa kuhusu kidevu akasema kidevu cha mzee yeye anakijua vizuri. Cucu akamtazama. "Nilimwuzia sukuma kila siku," jirani akasema, "ulitaka nimtazame wapi?" Watu wakacheka mpaka benchi likatingishika na masikio yangu yakapotea mahali pake.

Ilipofika saa ya chai ya jioni alikuwa amemaliza. Akaigeuza karatasi tuone. Alikuwa mzee kamili, anapumua kabisa, na macho yalikufuata. Cucu akaja karibu, akarudi nyuma, akaja karibu tena.

"Huyu ni mwanamume mzuri," akasema. "Angekuja kuniposa ningemfikiria. Lakini si yeye."

Kila mtu akaangua kicheko isipokuwa wawili. Mchoraji hakucheka, na cucu naye hakuwa ametania.

Nadhani Mchoraji hakuwa amezoea kuambiwa hivyo. Angeweza kukunja karatasi akaenda zake, ana watu wakubwa wanamsubiri mjini. Lakini alirudi. Jumamosi iliyofuata alikuja akasema hataki ukoo, anataka mama peke yake. Mimi nikabaki kwa sababu mimi na mama tulikuwa kitu kimoja, na kwa sababu kulikuwa na viazi vya kumenya.

Alimwuliza, akachora. Macho yalikuwa yameingia ndani au yametoka? Nyusi ziligusana? Cucu alijibu, kisha akageuza jibu, kisha akasema hapana, hilo la kwanza. Raba ilipita kwenye karatasi ile mpaka ikawa na manyoya. Ule uchafu mweusi wa raba ulianguka kwenye maganda yangu ya viazi. Niliona cucu anaanza kuchoka kwa namna nyingine, siyo ya mwili. Kila alipoulizwa, kidogo kilichobaki kilikuwa kinafutika pamoja na karatasi. Mwishowe akasema, pole mwanangu, nimekusumbua. Nilikuwa na kisu mkononi na kiazi, na nilitamani mtu mzima mwingine aingie aseme kitu. Hakuna aliyeingia.

Mchoraji akaiweka penseli nyuma ya sikio. "Mama," akasema, "funga macho. Unamwona?"

"Namwona."

"Yuko wapi?"

"Anakuja. Ametoka kupeleka chai kituoni. Yuko hapo kwa kona."

"Uso ukoje?"

"Bado hajatokea," cucu akasema. "Nikimngoja atokee ndipo anapotea."

"Basi usimngoje. Hapo kabla hajatokea, unaona nini?"

Na cucu, ambaye hakuweza kutuambia kama mume wake alikuwa na nyusi nene au nyembamba, akaanza kusema. Alisema kuna jiwe upande wa kushoto ambalo guka alipigia viatu kutoa matope, kwa hiyo kwanza unasikia ko, ko, ko. Alisema jani moja la mgomba limepasukia hapa, na upepo ukija linapiga makofi. Alisema mti wa muringa unakuwa na giza upande huu wakati huo kwa sababu jua limeenda kule nyuma, na njia inabaki nyeupe kipande kidogo tu, hapo kwenye kona, kama kitambaa kilichosahauliwa. Na vichaka vya chai vya mwisho havijakatwa vizuri, maana alikuwa anasema atavikata kesho. Aliongea akiwa amefumba macho, mikono iko mapajani, na mimi nikaacha kumenya. Hakugeuza hata neno moja.

"Ulikuwa umekaa wapi?" Mchoraji akauliza.

"Hapo mlangoni. Kwa kigoda."

Akainuka. Akaenda akakalia kile kigoda cha mlangoni, kifupi, magoti yakamfika karibu na kidevu. Akaweka karatasi mpya kwenye ubao wake. Mtu ambaye maisha yake yote alikuwa anatazama watu usoni akatupa mgongo, akatazama nje.

Jua lilikuwa linashuka na hakukuwa na ukungu siku hiyo, sijui kwa nini. Penseli ilisikika kama panya anayetafuna polepole. Cucu alisimama nyuma yake na mkono kwenye fremu ya mlango, na mara moja moja akasema kitu kidogo, lile jani lilipasuka zaidi, hilo jiwe lisogee, na kila kitu alichosema kikabaki pale kilipowekwa. Raba haikutoka mfukoni.

Ilikuwa saa ya kukama jirani yetu alipopita na karai lake la mboga, akachungulia. Alianza kucheka kabla hajafika. Akasema fundi wa sura amekosa sura, sasa anachora njia ya kwenda kusaga unga. Baba mdogo akaja na ndoo ya maziwa, akaitazama ile karatasi kwa heshima ya mtu aliyewahi kutoa pua yake. Akaitazama upande mmoja, akainamisha kichwa akaitazama upande mwingine.

"Ni nzuri," akasema. "Lakini mzee mwenyewe yuko wapi?"

"Bado hajafika," cucu akamwambia.

Jirani akatua karai lake chini. Mimi nilitazama karatasi, halafu nikatazama nje kwenye kona yenyewe, ambayo ilikuwa karibu haionekani tena, na ninakuambia nilisikiliza kama nitasikia viatu.

Mchoraji alikunywa chai yake ikiwa imepoa, akaaga. Hakuweka jina lake kwenye karatasi, maana jina lake alilizoea kuliweka begani pa mtu na hapo hapakuwa na bega. Tulimsindikiza kwa macho akipanda ile njia. Alipofika kwenye kona aligeuka akatutazama, sweta yake imeshika ile nuru kidogo iliyobaki, halafu akapotea.

Picha ikawekewa kioo, ikapewa msumari. Wageni waliuliza kama ni shamba linalouzwa. Watoto wenzangu waliuliza kwa nini sisi picha yetu ya Mchoraji haina mtu, je, tulimkasirisha? Nilikuwa naona haya kidogo, sitakuficha. Kwa mwalimu mkuu kulikuwa na mwalimu mkuu mzima mwenye macho, na kwetu kuna migomba.

Lakini cucu alikuwa anaitazama. Si kwa muda mrefu, ni vile mtu anavyotazama mlango wakati wa jioni, anaendelea na kazi yake. Siku moja nilimsikia akicheka peke yake jikoni. Nikamwuliza nini. Akasema, "Alikuwa na pengo hapa," akaonyesha jino lake la upande. "Nilikuwa nimesahau pengo." Siku nyingine, tukiwa tunachambua mchele, akasema nyusi, bila kuongeza kitu. Sehemu za ule uso zilikuja moja moja hivyo, kwa wakati wake, kwa miaka. Hakuniambia zote. Alipoanza kuugua kule kwa mwisho na mchungaji akaja kumwombea, alimwuliza mchungaji mambo mengi kuhusu mbinguni, kama kuna baridi, kama kuna kuchuma chai. Kuhusu kutafutana na watu hakuuliza.

Sasa Mchoraji naye alishafariki. Katika ule uchochoro wake kuna mashine inayochapa sura ya mtu kwenye turubai ukisubiri, na inachapa vizuri, siisemi vibaya, hata saluni yangu ina picha moja ya hivyo mlangoni. Wanaokumbuka kazi zake hukaa wakabishana ipi ilikuwa bora, wa nyama au wa miraa, na wote wanakubaliana kwamba hakuwahi kuchora kitu kisicho na macho. Mimi huendelea kusuka tu. Nina ndoto ya kuwa na chumba kikubwa siku moja, chenye ukuta mweupe, na hiyo karatasi iwe peke yake hapo katikati. Ndoto zangu ni nyingi, hiyo ni moja.

Basi nikapanda Kibugu. Nilikuta sebule imeshahamishwa, kalenda imetolewa, kioo kimetolewa, picha imebaki kwa msumari wake kwa sababu baba mdogo alisema hakutaka kuigusa. Nikaitoa. Nyuma yake ukuta ulikuwa na kipande safi cha mbao, rangi ya siku ilipopasuliwa.

Nikatoka nayo mpaka mlangoni, na kigoda bado kipo, nikakaa. Nikaiinua mbele yangu niilinganishe.

Muringa haupo, ulipasuliwa mbao zamani. Migomba ilitoka kwa ugonjwa, wakapanda makadamia. Jiwe sijui lilienda wapi, pengine liko kwenye msingi wa nyumba ya mtu. Lakini kilichonikamata ni njia. Trekta lilipita wakati wa kuweka lami ya kwenda kiwandani, na trekta halipendi kona, ikanyooshwa. Siku hizi ukikaa hapo unamwona mtu tangu kule juu kabisa, mdogo kama punje ya mtama, halafu anakua, anakua, mpaka anafika. Ni vizuri, pikipiki hazianguki. Ila hakuna tena mtu anayetokea. Watu wanakuja tu. Ile saa ndogo ya kusikia viatu na kutojua, ya mkono kusimama juu ya maharagwe, imeondoka, na hakuna aliyeiaga kwa sababu hakuna aliyejua kwamba ni kitu.

Ila kwenye karatasi kona iko. Niliishika na mikono miwili, ikaziba ile lami yote, na kwa juu ya ukingo wa fremu kilima kikaungana na kilima.

Baba mdogo alikuja kutoka nyuma ya nyumba, ndevu zake sasa ni nyeupe, akasimama mbele yangu. Mafundi walikuwa wameanza kugonga upande wa jikoni. "Mama," akaniuliza, "umekaa hapo unangoja nini, si tuingize vitu kwa gari?"

Nikamgeuzia picha aione. Aliitazama kwa muda, kichwa kimeinama upande mmoja kama siku ile ya ndoo ya maziwa. Kisha nikaigeuza tena upande wangu, nikaiinua pale ilipokuwa. Yeye akageuka akaitazama barabara iliyokuwa nyuma yake, akanitazama mimi, akasogea hatua kando, ili asizibe njia.